Daftari la Mjukuu

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Methali hii twaifundisha madarasani, na watoto huieleza maana yake kwa ufasaha. Lakini mwulize mmoja wao jina la mama wa bibi yake, atanyamaza. Kosa si lake. Sisi wenyewe tulikariri majina ya magavana wa Kijerumani kabla ya kumwuliza bibi yetu alizaliwa wapi. Na siku tuliyokumbuka kumwuliza, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Historia ya nchi yetu inao mfano wa kutuongoza. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu, vikaenea sehemu kubwa ya kusini hadi 1907. Kwa miaka mingi habari zake zilisomwa zaidi katika maandishi ya watawala. Ndipo mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walipokwenda vijijini, wakaketi na wazee waliokumbuka vita hivyo au waliosimuliwa na wazazi wao, wakaandika. Kwa kazi hiyo yakasikika mambo ambayo mtawala hakuyajali: jinsi dawa ilivyopokewa na watu, na jinsi njaa ilivyoua baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Wazee walioviona vita vile hawapo tena. Wamebaki waliosimuliwa, nao wanapungua. Kwa hiyo mwalimu na ampe kila mtoto daftari, amtume nyumbani na maswali machache: Jina langu nimerithi kwa nani? Ukoo wetu ulitoka wapi, na kwa sababu gani ulihama? Mtoto aandike jina la msimulizi, mahali na tarehe, kisha aulize, “Uliyaona mwenyewe, au ulisimuliwa?” Wasimulizi wawili wakipingana, aandike maneno ya wote wawili, asichague lile linalompendeza.

Hapa ndipo penye uzito. Katika nyumba moja huenda babu mmoja alikunywa maji akaenda vitani, na mwingine alishika bunduki ya Mjerumani kama askari. Mtoto atatamani kumwandika wa kwanza na kumfuta wa pili. Mwalimu asimruhusu, wala asimlazimishe kusoma mbele ya wenzake jambo ambalo jamaa zake wameomba lisitangazwe. Ukoo si utenzi wa sifa tupu. Ni watu walioogopa, walioshujaa na waliokosea, na mtoto ni wao wote.

Taifa nalo ni hivyo. Haliwezi kujijua ikiwa nyumba zake hazijijui. Basi, ewe mwanafunzi, jioni hii mwandalie bibi yako kiti, ufungue daftari, usikilize kabla hujaandika.