Wimbo wa Taifa Kikaoni: Wajibu au Hiari?

Kuna swali linalostahili kujibiwa kabla halijageuka ugomvi. Tunapokutana kwenye kikao cha umma kuzungumzia maji, barabara au bajeti ya kaunti, je, kila aliyehudhuria lazima asimame aimbe wimbo wa taifa? Na asiyesimama, tumweke fungu gani?

Wenzetu wa St. Louis Park, mji ulio kando ya Minneapolis jimboni Minnesota, Marekani, walilipitia suala hili mbele ya macho ya dunia. Juni 2019 madiwani wao walipiga kura 5 kwa 0 kuacha kusoma kiapo cha utii kwa bendera mwanzoni mwa vikao. Hoja yao ilikuwa kwamba mji una wakazi wa asili nyingi, wengine bado si raia, na kila mwenye shida ajione amekaribishwa. Waandamanaji wakajaa kikaoni na bendera, wakikisoma kiapo kwa sauti. Rais Donald Trump naye akaingilia kati kupitia Twitter. Julai hiyohiyo madiwani walikirudisha kwa kauli moja.

Kiapo hicho kiliandikwa mwaka 1892 na mchungaji Francis Bellamy, ili kisomwe na watoto wa shule. Jina la Mungu halikuwamo. Liliongezwa mwaka 1954. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliziruhusu shule kuwalazimisha wanafunzi kuisalimia bendera. Mashahidi wa Yehova, wanaoona kitendo hicho ni kama kuabudu sanamu, walipigwa na umati na watoto wao wakafukuzwa shuleni. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, mahakama hiyohiyo iligeuza msimamo katika kesi ya West Virginia dhidi ya Barnette. Ilisema serikali haina mamlaka ya kumlazimisha mtu kutamka asichokiamini.

Turudi kwetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 9, inautaja wimbo wa taifa kuwa mojawapo ya alama za nchi. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri na dini, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Kifungu cha 196 kinaitaka bunge la kaunti iendeshe shughuli zake kwa uwazi na iwashirikishe wananchi. Nikivisoma vifungu hivi pamoja, naona wimbo una heshima yake, na mwananchi ana haki ya kunyamaza bila kupoteza nafasi yake ya kusema.

Mimi husimama na huimba. Mahadhi ya wimbo wetu yametokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembeleza watoto, na kila ukipigwa najua Pwani imeipa Kenya kitu kikubwa. Lakini dini yangu imenifunza kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na nia haionekani kwa kutazama midomo ya watu.

Isitoshe, sisi Waislamu wa Pwani tunajua uchungu wa kupimwa uraia. Kijana aliyezaliwa hapa alikuwa akiomba kitambulisho, anaambiwa alete karatasi za babu yake. Mzee wa watu hakuwahi kuwa nazo, na kijana alirudi nyumbani mikono mitupu. Sisi tulioonja hayo hatufai kumfanyia jirani mtihani mwingine mlangoni mwa kikao.

Maoni yangu ni haya. Wimbo ubaki. Mwenyekiti atangaze kwamba anayependa asimame, na anayeketi kwa utulivu asisumbuliwe, asipigwe picha wala asirukwe zamu ya kuzungumza ikifika. Naye anayeketi awape wenzake heshima yao, asipige kelele wala kejeli.

Kisha wimbo ukimalizika, tuwatazame viongozi wetu. Aliyeimba kwa sauti kuu, halafu akapitisha bajeti ambayo wananchi hawakuonyeshwa, ndiye wa kuulizwa mapenzi yake kwa nchi. Mama aliyeketi kimya nyuma, aliyeacha biashara yake ya mbaazi na mahamri asubuhi kuja kuuliza zahanati itapata dawa lini, uzalendo wake tumeuona.