'Meat' si nyama kila mahali: Historia ya maneno ya mezani inayowaponza wafasiri

Nilipokuwa mhadhiri kijana, niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri kifungu kutoka Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyochapishwa mwaka wa 1611. Kifungu chenyewe, kutoka kitabu cha Mambo ya Walawi, kilizungumzia "meat offering". Takriban wote waliandika "sadaka ya nyama". Mmoja tu aliandika "sadaka ya unga", nami nikamkata alama. Alipokuja ofisini kulalamika, nilimwambia kwamba hata mtoto wa darasa la tatu anajua "meat" ni nyama. Alichukua karatasi yake akaenda zake.

Kumbe aliyekosea ni mimi! Sadaka inayoelezwa pale ni ya unga, mafuta na ubani. Hamna hata mnofu mmoja. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union walilijua hilo, ndiyo maana wakaandika "sadaka ya unga". Mimi, pamoja na shahada zangu, sikujua.

Tatizo ni kwamba nililisoma neno la mwaka wa 1611 kwa maana ya siku zetu. Katika Kiingereza cha kale, "mete" ilikuwa chakula chochote kile, uwe mkate, uji au samaki. Nyama yenyewe iliitwa "flesh". Karne zilivyopita, maana ya "meat" ilizidi kufinyika hadi ikabaki kwa chakula cha aina moja tu, nyama. "Flesh" nayo ikasukumwa pembeni, ikabaki zaidi kwa mwili wa binadamu. Hata hivyo, maana ya zamani haikufa kabisa. Mpaka leo Mwingereza huita haluwa na vitamutamu vingine "sweetmeats", na hakuna anayetarajia kukuta nyama humo.

Neno "deer" lilipitia njia iyo hiyo. Leo ni paa na jamii yake, lakini zamani lilikuwa mnyama yeyote. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, bado wana neno la asili hiyo, "Tier", nalo lingali na maana ya mnyama kwa jumla. Sisi hatupaswi kushangaa. Katika Kiswahili, nyama na mnyama ni mzizi mmoja. Kiambishi cha ngeli ndicho kinachotenganisha anayelisha malishoni na kinachotokota chunguni. Wakikuyu nao wana "nyama" ya kula na "nyamũ" wa porini.

Hapa ndipo ninapokutana na hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, ati Kiswahili ni maskini kwa kuwa hakina neno moja la "beef", "pork" wala "mutton". Eti sisi tunalazimika kuzunguka: nyama ya ng'ombe, nyama ya nguruwe, nyama ya kondoo. Mwenye hoja hii angeuliza kwanza Kiingereza kiliyapata wapi maneno hayo.

Mwaka wa 1066, William, mtawala wa Normandy, aliivamia Uingereza akamshinda Mfalme Harold katika vita vya Hastings. Kwa muda mrefu baada ya hapo, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, mahakama na mabwana wakubwa. Kiingereza kikabaki kwa wakulima na wachungaji. "Cow", "sheep", "calf" na "swine" ni maneno ya Kiingereza cha asili. "Beef", "mutton", "veal" na "pork" yalitoka Kifaransa. Walter Scott aliipa tofauti hii umaarufu katika riwaya yake Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa 1819. Humo mchekeshaji Wamba anamweleza mchunga nguruwe Gurth kwamba mnyama huwa Msaksoni anapochungwa na Mnormani anapoandaliwa mezani.

Hadithi hiyo ni tamu, lakini tusiimeze nzima. Kwanza, Wafaransa wenyewe hawakuwa na tofauti hiyo. Kwao "boeuf" ni ng'ombe na pia ni nyama yake, na "mouton" vivyo hivyo. Pili, mpaka huu haukuwekwa siku moja. Katika The Merchant of Venice, tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa jina Mabepari wa Venisi, Shakespeare anatumia "muttons" na "beefs" kwa wanyama wenyewe, zaidi ya karne tano baada ya Hastings. Biblia ya 1611 nayo inawaita ng'ombe "beeves". Ukweli ni kwamba ushindi wa Wanormani ulileta maneno mawili ya kitu kimoja, kisha wasemaji wakayagawia kazi polepole.

Basi utajiri huo unaosifiwa ni alama ya kutawaliwa. Isitoshe, kila lugha hukata maneno yake pale maisha yanapodai. Mwingereza ana "rice" tu, iwe shambani, dukani au kwenye sahani. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, na hatusemi kwamba Kiingereza ni maskini.

Mfano wa mwisho ni "corn", neno linalowaponza hata walimu wa historia. Mkenya akiliona hufikiri mahindi, na Mmarekani pia. Lakini katika Uingereza lilikuwa nafaka kwa jumla, hasa ile kuu ya mahali husika: ngano Uingereza kwenyewe, shayiri aina ya "oats" Scotland. Kwa hiyo Corn Laws, zilizopitishwa 1815 na kufutwa 1846, hazikuwa sheria za mahindi. Zilikuwa sheria za nafaka, na mzozo mkubwa ulihusu bei ya mkate. Ndugu zake Yusufu nao hawakwenda Misri kununua mahindi. Mahindi asili yake ni Amerika, na hayakuvuka bahari hadi baada ya safari ya Columbus ya 1492. Na "corned beef" ya mkebe je? Hiyo haina mahindi wala ngano. "Corn" pale ni punje za chumvi zilizotumiwa kuihifadhi nyama.

Hata ndani ya Kiswahili mtego huu upo. Mkenya akisema mboga, huwazia sukuma wiki au mchicha. Katika sehemu nyingi za Tanzania, mboga ni kitoweo chochote, na ukiuliza "Leo mboga ni nini?" unaweza kujibiwa "Samaki" bila mtu kucheka.

Ushauri wangu kwa wafasiri ni mfupi. Kabla ya kulifasiri neno, uliza ni la mwaka gani, la nchi gani, na linazungumzia nini. Maneno tunayoyajua tangu utotoni ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa hatuyatafuti katika kamusi.

Yule mwanafunzi sijamwona tena tangu alipohitimu. Nilipogundua kosa langu, matokeo yalikuwa yamekwisha kutangazwa, nami sikuwa na ujasiri wa kumtafuta. Kama anasoma safu hii, ajue kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, na kwamba tangu siku hiyo sijamkata mtu alama kabla ya kumuuliza amelitoa wapi jibu lake.