Kalamu za Mashabiki na Jina la Bill Finger

Mnamo majira ya joto ya 1965, wapenzi wa vitabu vya katuni walikusanyika katika hoteli moja ya New York, na kati ya wageni waliokaa mbele yao kuzungumza alikuwepo Bill Finger. Batman alikuwa ametimiza miaka 26, na miaka yote hiyo hadithi zake zilitoka na sahihi moja tu, ya Bob Kane. Finger ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza ya mwaka 1939. Kane alipomwonyesha mchoro wa mtu aliyevaa mavazi mekundu, ni Finger aliyeshauri joho, kofia yenye masikio ya popo na rangi ya kijivu. Majina ya Bruce Wayne na Gotham nayo yalitoka kwake. Lakini mkataba wa Kane na kampuni iliyomchapisha Batman haukumtaja.

Mmoja wa waliokutana naye wakati ule alikuwa Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu huko Detroit. Aliyoyasikia kwa Finger aliyaandika katika makala fupi, akayachapisha kwenye jarida la mashabiki lililosomwa na watu wachache mno. Hayo hayakuzuia habari kumfikia Kane. Alijibu kwa barua ndefu ya kukanusha, akishikilia kwamba Batman ni wake peke yake, na barua hiyo ikachapishwa katika Batmania, jarida jingine la mashabiki. Kumbe ushahidi wa kwanza kuhusu baba wa pili wa Batman uliandikwa na msomaji, kwa gharama yake mwenyewe.

Nimeanzia hapo kwa sababu sherehe za kumbukumbu za katuni huchukuliwa na wengi kuwa mambo ya keki na fulana. Shujaa anatimiza miaka 50 au 75, kampuni inatoa toleo lenye jalada la kumetameta, watu wanapanga foleni, basi. Mimi naona kazi nzito zaidi ya siku hizo iko kwa mashabiki wanaochora na kuandika, kwani wao ndio wenye tabia ya kuuliza nani alimzaa huyu tunayemsherehekea.

Desturi ya mashabiki kujiandikia na kujichapishia ni ya zamani kuliko Superman mwenyewe. Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa vijana wa shule mjini Cleveland walipotoa jarida lao la hadithi za kisayansi, na katika toleo la Januari 1933 wakachapisha hadithi ya mtu waliyemwita Superman. Yule wa kwanza alikuwa mwovu. Walimgeuza, wakampa joho, wakabisha hodi kwa wachapishaji kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 1938 walipouza haki zote kwa dola 130. Action Comics namba 1 iliandikwa mwezi Juni kwenye jalada lakini ilikuwa madukani tangu Aprili, maana wachapishaji walisogeza tarehe mbele ili muuzaji asiitoe rafuni mapema. Ndiyo maana mashabiki hubishana hadi leo ni mwezi upi wa kumwimbia Superman.

Miaka ya 1960 mhariri Julius Schwartz alianza kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Yeye mwenyewe alikuwa ametoa jarida la mashabiki mwaka 1932, kwa hiyo alijua alichokuwa akikifanya. Msomaji wa mji mmoja akamwandikia wa mji mwingine. Mwaka 1961 Bails akatoa Alter Ego, jarida lililopigwa chapa kwa mashine ya kudurufu, akisaidiwa kwa barua na kijana wa Missouri aitwaye Roy Thomas. Mwaka 1972 Thomas alikuwa mhariri mkuu wa Marvel. Kutoka kwenye majarida hayo yenye wino hafifu ndiko yalikotoka matamasha, maana watu walioandikiana kwa muda mrefu hutamani kuonana.

Tamasha la San Diego lilichelewa kidogo, lakini ndilo lililokuja kuyafunika yote. Shel Dorf, akiwa na kundi la vijana wa mji huo, alifanya mkutano wa majaribio wa siku moja Machi 21, 1970, kisha tamasha la siku tatu Agosti mwaka uleule katika hoteli ya U.S. Grant. Walihudhuria watu wapatao 300, nao mchoraji Jack Kirby na mwandishi Ray Bradbury wakiwa wageni. Sasa tamasha hilo, Comic-Con, hujaza ukumbi mkubwa ulio ukingoni mwa bandari kwa zaidi ya watu 130,000, na kampuni za filamu zimechukua sehemu kubwa ya jukwaa. Kinachonivutia mimi ni kitu kidogo ambacho wapiga picha wa televisheni hawakihangaikii: kitabu cha kumbukumbu anachopewa mhudhuriaji.

Waandaaji hutangaza mapema ni kumbukumbu zipi zinazoangukia mwaka huo: kuzaliwa kwa mhusika, kuanza kwa jarida, au karne ya msanii. Kisha huomba michoro na makala. Wataalamu hutuma na mashabiki hutuma, bila malipo, na kazi zao hupangwa pamoja. Mtu aliyechora usiku mezani kwa mama yake anaweza kukuta ukurasa wake unatazamana na wa mchoraji aliyemfundisha kuchora kwa mbali, kupitia vitabu vyake. Mwaka 2020, corona ilipofunga milango, tamasha likahamia intaneti na kitabu nacho kikatolewa huko.

Kwa kitabu hicho, mwaka 2017 ulikuwa wa pekee kwa kuwa uliwakutanisha Kirby na mchoraji mwenzake Will Eisner, wote waliozaliwa 1917. Wote wawili walikuwa wamekwisha fariki. Kumwandikia Kirby haikuwa kazi ya kusifu tu. Huyu alishiriki kuumba Captain America, Fantastic Four na Black Panther, na katika miaka ya 1980 alilazimika kupigania arudishiwe kurasa alizozichora kwa mkono wake. Mashabiki walikuwa upande wake tangu wakati huo. Familia yake ilipatana na Marvel mwaka 2014 tu, miaka 20 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kila mchoro wa miaka 100 ulibeba jina lililokuwa limetetewa kwa muda mrefu.

Finger naye? Alifariki Januari 1974 kabla ya kuona chochote. Mwaka 1989, Batman akitimiza miaka 50, Kane alikiri katika kitabu cha maisha yake kwamba rafiki yake hakupewa haki yake. Mwaka 2005 Comic-Con ilianza kutoa tuzo yenye jina la Bill Finger kwa waandishi wa katuni waliosahauliwa, wazo la Jerry Robinson, mchoraji aliyefanya kazi nao wote wawili. Mmoja wa wawili wa kwanza kuipata alikuwa Jerry Siegel, naye akiwa marehemu. Septemba 2015, mwaka mmoja baada ya Batman kutimiza miaka 75, kampuni ya Batman ilitangaza kwamba jina la Finger litaandikwa pamoja na la Kane. Tangu makala ya Bails ilikuwa imepita miaka 50.

Kuna kumbukumbu moja inayotugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 2025 ulitimiza miaka 50 tangu Len Wein na Dave Cockrum, wote waliotokea katika majarida ya mashabiki, walipomleta Storm, shujaa wa X-Men. Tunamkuta mara ya kwanza Kenya, wanakijiji wakimwomba mvua kama mungu wao. Baadaye Chris Claremont alimpa mama Mkenya na baba Mmarekani mweusi. Anaitwa Ororo. Katuni zinatuambia jina hilo maana yake ni uzuri, lakini sikio la Mswahili linasikia jambo lingine: ngozi nyororo, sauti nyororo, kitu laini. Jina la ulaini amepewa mwanamke anayeita radi na kimbunga.

Sijui shabiki wa Marekani angeliona hilo vipi. Mchoraji wa Nakuru au Tanga angeliona papo hapo, na angeiona pia ile Kenya ya 1975 isiyo na mji wala shule wala basi, yenye watu waliopiga magoti tu. Angeweza kumchora Ororo akiwa sokoni Gikomba, mawingu yakikusanyika juu ya mabati, na wauza mitumba wakikimbilia kufunika bidhaa zao kwa maturubai.