Uasin Gishu na Mpasuko wa Wazayuni

Mpango wa Uganda wa mwaka 1903 haukuhusu ardhi ya Uganda ya leo. Eneo lililokusudiwa ni nyanda za juu za Uasin Gishu, ulipo sasa mji wa Eldoret nchini Kenya. Hadi 1902 sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa ya Himaya ya Uganda, na jina likaganda. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, ndiye aliyependekeza Wayahudi wapewe makazi huko, wakiwa na mamlaka yao ya ndani chini ya Waingereza. Walowezi wazungu walipiga kelele kupinga. Wanandi na Wamaasai, ambao hasa ndio waliohusika, hawakuulizwa.

Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, hasa Palestina, alikuwa amebanwa. Sultani wa Osmani alikuwa hajampa kibali cha kuwahamishia watu wake Palestina, na Aprili 1903 Wayahudi wa Kishinev, katika milki ya Urusi, walikuwa wameuawa na mali zao kuporwa. Mwezi Agosti, mjini Basel, aliuomba Mkutano Mkuu wa sita wa Wazayuni utume tume tu ya kwenda kuitazama ardhi hiyo. Mwenzake Max Nordau alimtetea, akiyaita makazi hayo malazi ya usiku, yaani ya muda tu, ingawa moyoni mwake hakuwa na imani na mpango wenyewe.

Kura 295 ziliunga mkono, 178 zikapinga. Aliyetarajia watu wa dini wang'ang'anie Yerusalemu alishangaa: wengi wa chama cha kidini cha Mizrahi, wakiongozwa na Rabi Reines, walikubali, kwani kwao kuokoa roho za watu kulitangulia. Wajumbe wa Kishinev wenyewe walikataa. Wapinzani, wengi wao kutoka Urusi, walitoka ukumbini, baadhi wakilia, na Herzl akalazimika kuwafuata kuwabembeleza. Desemba, jijini Paris, kijana mmoja aliyeukasirikia mpango huo alimfyatulia Nordau risasi, akamkosa.

Nje ya ugomvi huo walikuwapo Wayahudi walioukataa Uzayuni wote. Chama cha wafanyakazi cha Bund, kilichoundwa Vilna mwaka 1897, kilitaka haki zipiganiwe hukohuko watu walikozaliwa. Marabi wengi nao waliona kurejea Palestina ni kazi ya Masihi, si ya wanasiasa.

Herzl alifariki Julai 1904. Tume ilifika Uasin Gishu mwanzoni mwa 1905. Wajumbe wake watatu hawakuafikiana, na mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa saba ukaukataa mpango. Mwandishi Israel Zangwill wa London alijitoa kwa Wazayuni pamoja na wenzake, akaunda chama cha kutafuta ardhi popote itakapopatikana, Angola ikiwemo. Kilivunjwa mwaka 1925, wakati Palestina ilipokwisha kuwa mikononi mwa Waingereza na Uasin Gishu imejaa mashamba ya Makaburu kutoka Afrika Kusini.