Takwimu Isiyopendeza: Somo la Dk. Mwele Malecela

Juzi nilikuwa stendi ya Makambako nikisubiri basi la Njombe. Hapo ndipo barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA inapita jirani. Nilikutana na kijana niliyepata kumfundisha, ambaye sasa ni mtumishi wa umma. Mkobani alikuwa na taarifa ya udumavu wa watoto. Takwimu zake zilikuwa mbaya kuliko za awali, naye alikuwa ameshauriwa "azilainishe" kidogo.

"Mwalimu," aliniuliza, "hivi tafiti mnazochapisha kila mwaka humsaidia nani?"

Nilianza na hapo tulipokuwa tumesimama. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011-12 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU mkoani Njombe yalifikia asilimia 14.8, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Takwimu hiyo ilituuma sisi wenyeji, lakini ilitangazwa. Wakati huo, majaribio yaliyofanyika Kisumu, Rakai na Orange Farm ya Afrika Kusini yalikuwa yamekwisha kuthibitisha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa kwa takribani asilimia 60. Kwa kuwa tohara haikuwa mila iliyoenea huku kwetu, huduma ya hiari ilielekezwa Iringa na Njombe. Makala za watafiti wa mbali zikageuka kuwa huduma katika vituo vyetu vya afya. Kazi bado ni kubwa: utafiti wa 2022-23 uliikuta Njombe ikiwa na asilimia 12.7, dhidi ya 4.4 za taifa. Lakini tunajua tulipo kwa sababu tunapimwa.

Kisha nikamsimulia habari za Dk. Mwele Malecela. Alijiunga na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) mwaka 1987, akaanzia kituo cha Amani, Tanga. Shahada ya uzamivu aliipata London mwaka 1995. Sehemu kubwa ya machapisho yake ilihusu matende na mabusha, maradhi ya maskini ambayo hayavutii fedha wala vichwa vya habari. Maarifa hayo hayakubaki kwenye majarida. Ugawaji wa dawa kwa jamii nzima ulianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, naye akauongoza mpango wa taifa wa kuyatokomeza maradhi hayo. Mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza NIMR.

Desemba 2016 alitangaza matokeo ya utafiti wa virusi vya Zika: kati ya sampuli 533 za damu, 83 zilikuwa na dalili za maambukizi. Serikali ikasisitiza kwamba hakuna mlipuko wa Zika nchini. Ndani ya juma hilohilo uteuzi wake ukatenguliwa, na wengi wakayahusisha mambo hayo mawili.

Msomaji mtulivu ataona kwamba kauli hizo mbili hazikupingana. Damu kuonyesha kwamba mtu aliwahi kukutana na kirusi si sawa na kutangaza mlipuko. Isitoshe, kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, Uganda, jirani zetu. Lililoshangaza lilikuwa hofu yetu, maana ukoo wa virusi hivyo uko hapahapa Afrika Mashariki.

Dk. Malecela hakuishia hapo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilimkabidhi idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, Geneva. Alifariki Februari 2022.

Kijana wangu alinisikiliza, kisha akasema kwamba yeye hana Geneva ya kukimbilia. Ni kweli, wala sikuthubutu kumhubiria ushujaa. Lakini mkoa unaovuna mahindi na viazi vya kuuza kwa wengine una udumavu kwa takribani nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano, kwa mujibu wa utafiti wa taifa wa 2022. Akizilainisha takwimu, lishe itapelekwa kwingine, na mtoto aliyedumaa hatapata nafasi ya pili ya kuwa na umri wa miaka miwili.

Tulikubaliana aiwasilishe taarifa kama ilivyo, akiambatanisha maelezo ya namna vipimo vilivyochukuliwa, ili atakayepinga apinge vipimo na si mpimaji. Basi likafika. Nimemwahidi kuisoma rasimu kabla ya Ijumaa.