Ufunguzi uliomponza Kasparov mbele ya kompyuta
Mnamo Mei 11, 1997, jijini New York, Garry Kasparov wa Urusi, nambari moja duniani katika sataranji, alicheza mchezo wa sita na wa mwisho dhidi ya Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM. Kila upande ulikuwa na pointi mbili na nusu.

Akiwa na kete nyeusi, alichagua Caro-Kann, ufunguzi wa kujihami unaosifika kwa uthabiti. Katika hatua ya saba, hata hivyo, alimsogeza askari wa ukingoni kabla ya wakati wake, kosa ambalo, ajabu ni kwamba, lilikwisha kujulikana vitabuni. Kompyuta, iliyokuwa imehifadhiwa jibu lake, ilimtoa farasi mhanga. Mfalme mweusi akakwama katikati ya ubao bila kinga. Kasparov alisalimu amri baada ya hatua 19 tu.