Meroe: Ufalme wa Mto, Mvua na Malkia

Anayesoma Matendo ya Mitume, sura ya 8, hukutana na towashi wa Kushi akirudi kwao kutoka Yerusalemu, ameketi garini akisoma chuo cha nabii Isaya. Alikuwa mtunza hazina wa Kandake. Tumehubiriwa sana habari za ubatizo wake, lakini ni wachache waliowahi kuuliza hazina ile ilikuwa wapi, ilijazwa na nini, na ilikuwaje mwanamke akaishika. Majibu yako Meroe, mji wa kale ulio ukingo wa mashariki wa mto Naili, kiasi cha kilomita 200 kaskazini-mashariki ya Khartoum, nchini Sudan.

Kabla Meroe haijavuma, makao makuu ya ufalme wa Kushi yalikuwa Napata, chini ya mlima wa Jebel Barkal. Kutoka huko, katika karne ya 8 KK, mfalme Piye alishuka na mto akaitiisha Misri, na warithi wake, akiwemo Taharqa, wakaketi kwenye kiti cha mafarao mpaka walipofukuzwa na Waashuru. Mungu mkuu wa Napata alikuwa Amun, na makuhani wake ndio waliokuwa wakitangaza mfalme. Jiwe la mfalme Aspelta, lililopatikana Jebel Barkal, linaeleza jinsi jeshi lilivyokusanyika likiwa halina mfalme, ndugu wa ukoo wa kifalme wakapelekwa mbele ya Amun, mungu asimtwae hata mmoja. Aspelta alipoletwa ndipo Amun akamkubali. Jiwe hilo hilo linataja nasaba yake kwa upande wa wanawake: mama, bibi, mama wa bibi, hadi vizazi saba. Kwa hiyo tangu mapema palikuwa na nguzo mbili za utawala, kauli ya makuhani na damu ya kina mama.

Mwaka 593 KK jeshi la farao Psamtik II liliingia Kushi na kuipiga. Napata iliendelea kuwa mji mtakatifu, lakini uzito wa dola ulizidi kuhamia kusini, na kufikia mwaka 270 KK hivi wafalme walikuwa wameanza kuzikwa Meroe.

Kilichowavuta ni maji ya aina mbili. Meroe iko kati ya maporomoko ya tano na ya sita ya Naili. Maji yanayopita hapo yametoka mbali: Naili Nyeupe hutoka Ziwa Victoria na kupitia Jinja, huku mafuriko ya kila mwaka yakiletwa na Naili ya Buluu kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Chini kidogo ya mji, mto Atbara nao humwaga maji yake. Nchi iliyozungukwa na mito hii Wagiriki waliiita kisiwa. Napata ilikuwa na ukanda mwembamba wa mashamba uliobanwa na jangwa. Meroe ilikuwa na ukanda kama huo na zaidi: nyuma yake imetanda mbuga ya Butana, ambako mvua za kiangazi cha kaskazini hufika, majani yakaota, ng'ombe wakanenepa na mtama ukastawi.

Tatizo ni kwamba mvua hizo ni za miezi michache. Ili mifugo na watu waweze kukaa mbali na mto, Wameroe walichimba malambo makubwa ya duara yanayoitwa hafiri, na udongo uliotolewa wakaupanga kandokando kuwa tuta. Lambo kubwa la Musawwarat es-Sufra lina upana wa karibu mita 250. Kazi ya namna hiyo, iliyofanywa kwa jembe na kikapu, haiwezekani bila mtu mwenye uwezo wa kukusanya vibarua wengi na kuwalisha. Na aliyelimiliki lambo wakati wa ukame alikuwa amewashika wafugaji wote wa eneo lile.

Ndipo anapoingia mungu ambaye Wamisri hawakuwa naye: Apedemak, mwenye kichwa cha simba, mungu wa vita na wa neema ya nchi. Hekalu lake la Musawwarat lilijengwa na mfalme Arnekhamani mwishoni mwa karne ya 3 KK. Huko Basa, ndani ya Butana, sanamu za simba wa mawe ziliwekwa kando ya lambo, maji na mungu wake mahali pamoja. Simba alikuwa mnyama wa mbuga ile. Kila mchungaji alimjua na kumwogopa, wala hakuhitaji kuhani wa Napata amweleze ukali wake.

Mwandishi Mgiriki Diodorus anasimulia kwamba zamani makuhani waliweza kumpelekea mfalme ujumbe kuwa miungu inataka afe, naye akatii. Kisha akatokea mfalme Ergamenes, akaingia hekaluni na askari na kuwaua makuhani. Wanahistoria wengi humlinganisha na Arkamani, mmoja wa wafalme wa kwanza kuzikwa Meroe. Huenda kisa kimetiwa chumvi, lakini kinaendana na kilichotokea: mfalme aliyehamia kusini aliponyoka mikononi mwa Napata. Amun mwenyewe hakutupwa. Alijengewa hekalu kubwa Meroe, na jina lake, ambalo kwa Kimeroe ni Amani, liliendelea kubebwa na watawala. Alichopoteza ni upekee wake.

Mabadiliko hayo yanaonekana wazi kabisa kwenye ukuta wa mbele wa hekalu la Apedemak huko Naqa, uliochongwa karne ya 1 BK. Upande mmoja yuko mfalme Natakamani, upande wa pili malkia Amanitore. Kila mmoja amewakamata maadui kwa nywele, fungu zima katika mkono mmoja, na mkono mwingine umeinua silaha. Miguuni simba wanawararua mateka. Malkia amechongwa kwa kimo kile kile cha mfalme, mwili mnene, nyonga pana, kucha ndefu. Mchongaji hakumpunguza wala kumweka nyuma ya mtu.

Kandake lilikuwa jina la cheo, na waliolibeba hawakuwa mapambo ya ikulu. Baada ya Roma kuitwaa Misri, majeshi ya Kushi yaliteka Aswan, Elephantine na Philae mnamo mwaka 25 KK. Mwanajiografia Mgiriki Strabo anamtaja Kandake aliyeongoza vita hivyo, mwanamke mwenye jicho moja, ambaye wengi wanaamini ni Amanirenas. Petronius, gavana wa Kirumi wa Misri, alijibu kwa kuivamia Kushi, lakini vita vilikwisha kwa mapatano huko Samos, na kaisari Augusto akawafutia Wakushi kodi. Mwaka 1910 mwanaakiolojia John Garstang alifukua Meroe kichwa cha shaba cha sanamu ya Augusto, macho yake yangali yanang'aa. Kilikuwa kimezikwa chini ya ngazi za jengo la ibada, hivyo kila aliyeingia alimkanyaga kaisari.

Hazina ya Kandake ilijazwa na dhahabu, pembe za ndovu na mazao ya mifugo, lakini pia na jasho la watu ambao majina yao hayakuchongwa popote. Pembeni mwa mji kuna vilima vya mavi ya chuma, mabaki ya tanuri zilizowaka kwa karne nyingi, na hekalu moja la simba limesimama juu ya kilima cha namna hiyo. Wahunzi, wakata migunga na wachoma makaa ndio waliokuwa chini ya vyote, kwa maana zote mbili.

Ufalme ulififia katika karne ya 4 BK, wakati mfalme Ezana wa Aksum alipopeleka majeshi yake hadi bonde la Naili. Mwaka 1834 daktari Mwitaliano, Giuseppe Ferlini, alibomoa piramidi kadhaa akitafuta dhahabu. Vito vya malkia Amanishakheto alivyovikuta viko Munich na Berlin hadi leo. UNESCO iliiingiza Meroe katika urithi wa dunia mwaka 2011, lakini tangu Aprili 2023 Sudan imo vitani, na Makumbusho ya Taifa mjini Khartoum yameporwa.

Vitabu vyetu vingi vya shule humaliza habari za Naili kwa mafarao, na Kushi ikitajwa huwa ni kama kivuli cha Misri. Hukumu hiyo si ya haki. Wameroe walichukua kutoka Misri walichokitaka, kisha wakajenga dola iliyoendana na mvua zao, simba wao na mama zao. Walimu wa historia wawape wanafunzi ukuta wa Naqa wautazame kwanza, ndipo wawafundishe piramidi za Giza.